Kupima urefu wa mlingoti wa bendera kwa kivuli: mwongozo kwa walezi wa klabu za baada ya masomo

Zoezi hili nimelifanya na wanafunzi wa Darasa la Sita na la Saba katika klabu ya malezi inayokutana baada ya masomo jijini Dar es Salaam. Nalipenda kuliko mengine kwa sababu gharama yake ni ndogo mno, na jibu lake halinakiliwi kwa urahisi kutoka daftari la jirani. Kazi yenyewe ni kupata urefu wa mlingoti wa bendera bila kuupanda wala kuugusa, kwa kutumia kivuli chake. Saa kumi alasiri, wakati klabu nyingi zinapoanza, jua huwa limeshashuka kiasi cha kurefusha vivuli, kwa hiyo saa ambayo watoto wamechoka kukaa darasani ndiyo saa inayofaa kazi hii.

Maandalizi

Kila kundi la wanafunzi wanne lipewe ufito ulionyooka wenye urefu wa sentimita 100 kamili, futi kamba (au kamba ya kawaida iliyotiwa alama kila baada ya sentimita 10), vijiti vya kuchomeka ardhini, uzi uliofungwa jiwe dogo uwe timazi, na karatasi. Omba ruhusa ya mwalimu mkuu mapema, maana mahali penye bendera ya taifa si pa kuchezea, na mpange kumaliza kabla bendera haijashushwa jioni. Kagua pia sehemu ambayo kivuli kitaangukia. Kikipanda ngazi, ukuta au mteremko, hesabu haitatoka. Hapo ni heri mtumie nguzo ya goli au mti ulio peke yake uwanjani.

Hatua ya 1: Kila mmoja akisie

Kabla ya futi kamba kufunguliwa, kila mwanafunzi aandike anavyokisia urefu wa mlingoti, akunje karatasi na kuiweka mfukoni. Mlezi asisifu wala asicheke kisio la yeyote.

Hatua ya 2: Simamisheni ufito wima

Ufito uchomekwe karibu na mlingoti, kwenye ardhi tambarare, na baada ya kuuchomeka wapime tena urefu uliobaki juu ya ardhi, kwa sababu watoto wengi husahau kwamba sehemu iliyozama haitoi kivuli. Uwima ukaguliwe kwa timazi kutoka pande mbili, mbele na ubavuni. Jua likiwa kwenye kimo cha saa kumi, ufito ulioinama nyuzi 5 tu kuelekea upande wa kivuli hurefusha kivuli chake kwa takriban sentimita 8, na kosa hilo litakuwa limeshaingia katika hesabu nzima.

Hatua ya 3: Pimeni vivuli vyote viwili kwa wakati mmoja

Hapa ndipo zoezi hufaulu au huharibika, na ndipo ninapomsihi mlezi afunge mdomo. Watoto wakiachwa wenyewe hupima kivuli cha ufito kwanza, wakaandika, wakabishana kidogo ni nani ashike futi, kisha ndipo wakaendea mlingoti. Mwanzoni mwa Oktoba, hapa Dar es Salaam, kivuli cha ufito wa mita 1 huwa takriban sentimita 154 saa kumi kamili. Dakika kumi baadaye kimefika karibu sentimita 169. Kundi lililochelewa dakika hizo kumi litapata kwamba mlingoti wa mita 6 una urefu wa mita 6.58.

Usiwaonye. Waache wakosee, kisha waulize kwa nini makundi mawili yaliyopima mlingoti uleule yamepishana zaidi ya nusu mita. Kundi moja lilikuwa katikati ya mabishano ya kumtafuta mchawi wao, kila mmoja akimlaumu aliyeshika futi, pale msichana aliyekuwa amechuchumaa karibu na ufito aliposema, “Tazameni, kimeshapita kijiti.” Kivuli kilikuwa kimekivuka kijiti walichokichomeka kwa upana wa kiganja. Hakuna maelezo yangu kuhusu mwendo wa jua ambayo yangewaingia kama hayo. Baada ya hapo wenyewe walikubaliana kwamba mmoja apaze sauti, “Sasa!”, na wawili wachomeke vijiti kwa pamoja, mmoja kwenye ncha ya kivuli cha ufito na mwingine kwenye ncha ya kivuli cha mlingoti. Vijiti vikishachomekwa, kupima umbali kunaweza kufanywa taratibu.

Hatua ya 4: Tafuteni ncha halisi ya kivuli

Ncha ya kivuli cha ufito huonekana wazi, lakini ya mlingoti huwa na ukungu, kwa kuwa jua si nukta bali ni duara lenye upana wa takriban nusu nyuzi machoni petu. Kwa mlingoti wa mita 6, saa kumi alasiri, ukungu huo hufikia karibu sentimita 20 kwa urefu. Kijiti kichomekwe katikati yake. Bendera ikipepea, kivuli chake huifunika ncha mara kwa mara. Subirini upepo utulie.

Hatua ya 5: Fanyeni hesabu

Gawanya kivuli cha mlingoti kwa kivuli cha ufito, kisha zidisha kwa urefu wa ufito. Kivuli cha mlingoti kikiwa sentimita 924 na cha ufito sentimita 154, mlingoti una urefu wa mara 6 ya ufito, yaani sentimita 600. Hii ni mada ileile ya uwiano wanayoisoma katika Hisabati, ila usiitaje mpaka mmoja wao aitaje. Kisha kila mtu akunjue karatasi ya kisio lake.

Jambo moja la malezi ambalo ni rahisi kulipuuza: kazi ya kuandika huangukia wasichana, na futi huangukia mvulana mwenye sauti kubwa. Rudieni vipimo mara nne, na kila mara majukumu yazunguke.

Hatua ya 6: Hakikisheni kwa njia ya pili

Kunja karatasi ya mraba kutoka kona hadi kona upate pembetatu yenye pembe za nyuzi 45. Bandika mrija wa soda kwenye upande wake mrefu, na ning’iniza timazi kando ya upande mmoja mfupi ili uwe wima. Mwanafunzi achungulie kwenye mrija huku akirudi nyuma mpaka aone kilele cha mlingoti. Umbali kutoka alipo hadi kwenye shina la mlingoti, ukijumlishwa na kimo cha macho yake, ndio urefu. Achungulie akiwa amelipa jua mgongo, na asielekeze mrija kwenye jua kamwe. Njia hii hufaa pia siku ya mawingu.

Wakitaka kuendelea

Jumamosi moja wasimamishe ufito tangu saa tano na nusu hadi saa saba mchana, wakiweka alama kila baada ya dakika tano, watafute kivuli kifupi kuliko vyote. Watatarajia kukipata saa sita kamili. Saa za Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, na Dar es Salaam iko karibu na nyuzi 39, kwa hiyo mwanzoni mwa Oktoba kivuli hicho huja yapata saa sita na dakika 11, na katikati ya Februari yapata saa sita na dakika 37. Klabu ya Kigoma ikifanya zoezi hilihili siku hiyohiyo, itakipata karibu dakika 40 baadaye. Mkipanga kulifanya Dar es Salaam karibu na tarehe 10 Oktoba, chagueni ufito mnene na uwanja uliosawazishwa kwa pima maji, kwa sababu jua litapita karibu kabisa na utosi na kivuli cha kupimwa kitakuwa cha sentimita chache tu, kama kitaonekana.