Jinsi APT inavyochagua toleo pale hazina za programu zinapokuwa nyingi

Anayeongeza hazina ya pili ya programu kwenye Debian au Ubuntu mara nyingi hudhani kwamba APT, chombo cha mifumo hiyo cha kusakinisha programu, itachukua toleo lililo jipya kuliko yote. Sivyo: APT hutazama kwanza alama ya kipaumbele ya kila toleo, na namba ya toleo huamua pale tu alama zinapolingana, ingawa haishushi toleo lililokwisha kusakinishwa isipokuwa alama ifike 1000.

Kwa hiyo, kabla ya kubadili chochote, andika amri `apt policy nginx`, ukiweka jina la kifurushi chako. Utaona toleo lililosakinishwa, toleo ambalo APT ingelichagua, na orodha ya matoleo yote pamoja na alama zake. Hazina ya kawaida hupata 500. Hazina ya backports ya Debian (matoleo mapya yaliyoandaliwa kwa ajili ya Debian thabiti) hupata 100 na ile ya experimental (ya majaribio) hupata 1, ndiyo maana haziingizi vifurushi vyake mahali pa vile vya kawaida hata vikiwa vipya zaidi. Ukitaja hazina kwa chaguo la `-t`, alama yake hupanda hadi 990.

Namba za matoleo nazo zina hila zake: `1:0.9` huhesabiwa kuwa jipya kuliko `2.0`, kwa sababu tarakimu iliyo kabla ya nukta mbili hulinganishwa kwanza, na `3.0~rc1` huhesabiwa kuwa la zamani kuliko `3.0`.

Ukitaka kifurushi kimoja tu kitoke backports, tengeneza faili ndani ya saraka ya `/etc/apt/preferences.d/`, lenye jina linaloishia kwa `.pref`, uandike:

`Package: nginx`
`Pin: release n=bookworm-backports`
`Pin-Priority: 600`

Kisha rudia `apt policy`, na usisakinishe mpaka toleo ulilolikusudia ndilo lililochaguliwa. Kifurushi hicho kikihitaji maktaba (vifurushi vya msimbo ambavyo programu hutegemea) mpya zaidi, huenda nazo zikahitaji kupewa alama kama hiyo. Alama hasi huzuia toleo lisisakinishwe kabisa. Ile ya 1000 na zaidi ningeiepuka, kwa kuwa Debian haiahidi kwamba kushusha toleo kutafanikiwa.

Anayehamia Fedora akumbuke kwamba DNF, chombo chake cha kusakinisha programu, hufuata kinyume: namba ndogo ndiyo yenye nguvu, na hazina isiyopangiwa huwa na 99. Pacman, chombo cha namna hiyo cha mfumo wa Arch, haina alama. Hazina iliyotajwa kwanza katika `/etc/pacman.conf` ndiyo inayoshinda, hata toleo lake likiwa la zamani.