Dubai hadi Guangzhou: namna ya kupata umbali na saa halisi za angani

Wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wa Kariakoo wanaopitia Dubai kwenda Guangzhou kufuata mzigo. Swali lao ni lile lile: nitakaa angani saa ngapi? Hesabu yake ni nyepesi, ila watu hukwama kwenye saa za tiketi.

Hatua ya 1: Umbali. Usipime kwenye ramani ya ukutani, maana dunia ni duara na karatasi ni bapa. Chukua tufe na uzi. Kaza uzi kutoka mji mmoja hadi mwingine, kisha upime kwa rula. Tufe langu lina sentimita 94 kuzunguka ikweta, na uzi wa Dubai–Guangzhou unatoka 13.7 hivi. Gawanya 13.7 kwa 94, zidisha kwa 40,075, yaani kilomita za mzunguko wa dunia: unapata kama 5,840. Ukikokotoa kwa latitudo na longitudo za viwanja utapata 5,830 hivi. Uangalie vizuri huo uzi: miji yote miwili iko karibu na latitudo 25 na 23 kaskazini, lakini katikati ya njia uzi unapanda hadi 27, jirani kabisa na mpaka wa India na Nepal.

Hatua ya 2: Muda. Ndege kubwa hukata karibu kilomita 900 kwa saa. Hapo ni saa sita na nusu. Ongeza nusu saa ya kupaa na kutua, ziwe saba. Kurudi ongeza saa moja hadi moja na nusu, kwa sababu upepo mkali wa juu huvuma kutoka magharibi na ndege inapambana nao.

Hatua ya 3: Saa za tiketi. Kila saa iliyoandikwa ni ya mji husika. Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa saa 4, na mbele ya Dar es Salaam kwa saa 5. Tuseme unaondoka Dubai 10:30, saa nne na nusu asubuhi, unatua 21:45, saa nne kasorobo usiku. Tofauti ni saa 11 na robo. Toa 4, zinabaki 7 na robo. Wakati wa kurudi *unajumlisha*: kuondoka 00:15, kufika 05:00, ni saa 4 na dakika 45, ukiongeza 4 ni 8 na dakika 45.

Hatua ya 4: Tarehe. Hapa ndipo ninapowasihi wateja. Mmoja alinipigia simu akiwa Guangzhou, ameachwa na ndege, mabegi yote mkononi. Tiketi ilisema tarehe 12, 00:15, naye akaenda uwanjani usiku wa tarehe 12. Ile 00:15 ni usiku wa *kuamkia* tarehe 12, saa sita na robo. Iandike hivyo kwa kalamu juu ya tiketi, na tarehe 11, saa tatu usiku, uwe umeshapanga foleni uwanjani.