SOMO: Kufuatilia asili ya kipande cha bodi cha gari la zamani la rali (boneti, madigadi, milango, spoila)

Wakuu salaam. Kila wiki kuna mtu anatuma picha moja ya boneti, imepigwa usiku, anauliza "hii ni ya Safari?" (yaani rali ya Safari ya Afrika Mashariki). Nimejibu vya kutosha. Kuanzia leo ukiuliza nitakuelekeza hapa, tumalizane.

Mfano wangu ni Datsun 240Z (gari la Nissan) kwa sababu ndiyo inayosingiziwa sana. Ilishinda Safari mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na 1973 kwa Shekhar Mehta, na tangu hapo kila boneti nyeusi hapa Afrika Mashariki ina "historia". Njia ni ile ile kwa Escort, Peugeot 504 au Porsche 911.

Kabla hujagusa msasa, elewa kwamba kipande si gari. Madigadi iliyobondeka usiku ilitolewa, ikafungwa nyingine kutoka gari la sevisi, safari ikaendelea. Kwa hiyo kipande chaweza kuwa cha mashindano kweli na bado kisiwe cha lile gari unalolitaka wewe. Tafuta kwanza kinachokanusha. Kikikosekana, ndipo uanze kuamini, tena kidogo kidogo.

Vifaa: sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, kalipa, kipima unene wa rangi, mizani ya kuning'iniza, futi ya chuma, tochi, kioo cha kukuza, msasa wa maji namba 400, 800, 1500 na 2000.

1. Piga picha pande zote mbili kabla ya kuosha. Weka futi ndani ya picha.

2. Pima uzito, andika.

3. Pitisha sumaku kila sehemu. Ikishika hapa na kuteleza pale, kuna puti nene au kiraka.

4. Soma namba. Namba za Nissan zina mafungu mawili ya herufi na tarakimu tano tano: fungu la kwanza linataja aina ya kipande, la pili linataja modeli. Boneti huanza na 65100. Za Porsche huanza na aina ya gari (901, 911, 930), kisha kundi: 505 ni bampa, 511 boneti ya mbele, 512 kifuniko cha injini, 531 mlango. Namba iliyotolewa baadaye kuchukua nafasi ya ile ya zamani ikionekana kwenye kipande cha "1971", hiyo ni spea ya baadaye. Kipande kisicho na namba bado hakijashindwa. Stika za namba hubanduka.

5. Pima matundu yote kutoka kingo mbili: ya taa, ya kamba za boneti, ya kibao cha rali. Kisha angalia ukingo wa kila tundu kwa kioo cha kukuza. Rangi ikiwa imeingia ndani ya tundu, lilitobolewa kabla ya kupakwa. Ukingo ukiwa chuma kitupu chenye kutu, lilitobolewa baadaye. Mtu anayetengeneza historia karibu kila mara hukosea hapa.

6. SOMA RANGI. Hatua hii niliwahi kuiharibu, na kipande hakikurudi, kwa hiyo isome mara mbili. Usitumie dawa ya kutoa rangi. Usitumie grainda. Dawa inafuta tabaka zote kwa mpigo, na kwenye faiba inapenya jelikoti (ngozi laini ya juu) na kulainisha rizini (gundi inayoshika nyuzi) yenyewe. Grainda inapasha joto na kuzipaka tabaka moja juu ya nyingine mpaka hujui ipi ni ipi. Chagua mahali pasipoonekana, chini ya bawaba au kwenye mkunjo wa ndani. Lowesha, anza na 400 kwa kidole kimoja, zungusha duara dogo, ulipanue kadiri unavyoshuka ili litoke kama bakuli la kina kifupi lenye upana wa sentimita 3. Ukiona chuma au faiba, simama. Lainisha kwa 800, 1500, 2000, futa maji. Utaona pete kama za shina la mti. Hesabu kutoka katikati kwenda nje: chuma, praima, rangi ya kwanza, na kuendelea.

Bakuli hilo tunaliita dirisha. Fungua madirisha matatu: ukingoni, katikati kwa upande wa chini, na karibu na tundu unalolishuku. Dirisha moja ni uongo, kwa sababu laweza kuangukia kiraka. Rangi ya timu ikikaa moja kwa moja juu ya praima ya kiwanda, kipande kilipakwa kikiwa kipya; hiyo ni dalili nzuri. Rangi ya timu ikiwa juu ya rangi ya metaliki ya tabaka mbili (rangi, kisha vanishi juu yake), ambayo ilienea miaka ya 1980, funga daftari.

Onyo: rangi za zamani zina risasi. Msasa wa maji tu, barakoa, na yale maji machafu usiyamwage wanapocheza watoto.

7. Kama ni faiba, geuza. Kazi ya mkono ina upande mmoja laini (uliogusa moldi, yaani kalibu) na mwingine wenye nyuzi zinazoonekana. Ikinuka styrene (kemikali ya rizini) kali, rizini bado changa. Kisha pima urefu na upana: rizini ya poliesta husinyaa ikikauka, kwa hiyo nakala iliyotolewa kwenye moldi ya kipande kingine huwa ndogo kidogo. Nakala pia hurithi makovu. Ukiona bonde au alama ya kichwa cha bolti ambayo haina kazi yoyote, kuna mtu alichukua moldi kwenye kipande kilichobondwa.

8. Linganisha na picha za enzi hizo na fomu ya homologesheni ya FIA (karatasi ya shirikisho la mbio za magari duniani inayoidhinisha gari na vipande vyake kushindana). Fomu ina picha, vipimo, na nyongeza zenye tarehe. Kipande kilichoidhinishwa baada ya rali unayoitaja hakikukimbia rali hiyo.

9. Karatasi. Andika kila mmiliki, kurudi nyuma, mpaka mnyororo ukatike. Mahali ulipokatika pataje wazi.

MASWALI

Kobe_Naivasha: Mkuu boneti hii orijino? (picha 1)

Jibu: Hatua ya 1.

Kobe_Naivasha: Si ungesema tu ndiyo au hapana, wewe mtaalamu.

Jibu: Mtaalamu anayejibu kwa picha moja ya usiku ni mpiga ramli. Upande wa chini uko wapi? Uzito?

DogoGereji: Yangu ina madigadi za kupachika zenye ribiti. Hiyo si rali moja kwa moja?

Jibu: Hapana. Nissan waliuza Japani 240ZG kuanzia 1971 ikiwa na pua ndefu ya faiba na vipachiko vyenye ribiti, gari la barabarani kabisa. Na nakala zake zimejaa dunia nzima. Ribiti hazithibitishi kitu. Angalia kama bati chini ya kipachiko limekatwa, na kama mkato huo una rangi.

MsasaMzee: Asante kwa somo. Nimefungua madirisha matatu kama ulivyosema. Mawili yana praima ya kijivu, nyekundu, nyeusi. La tatu, karibu na tundu la taa, lina kijivu, nyekundu, kijivu tena, nyeupe nyembamba, nyekundu, nyeusi. Nimekosea?

Jibu: Hujakosea, umefanya vizuri sana. Pale pana ukarabati. Kijivu cha pili ni praima ya fundi, nyeupe huenda ni puti laini ya kuziba mikwaruzo. Swali lako sasa ni je, nyeusi ya juu ni ile ile kwenye madirisha yote? Kama ndiyo, ukarabati ulifanyika kabla ya nyeusi. Pitisha kipima unene ukienda sentimita 2 kwa 2 kuzunguka tundu. Rangi ya kiwanda huwa mikroni 100 hadi 180 hivi. Ikipita 300 imerudiwa, ikipita 1,000 ni puti. Chora ramani ya namba hizo kwenye karatasi. Umbo la ukarabati litajitokeza, na umbo hilo ndilo la kutafuta kwenye picha za zamani.

MsasaMzee: Nimepata duara la kama sentimita 11 kuzunguka tundu.

Jibu: Upana wa kitako cha taa, basi. Taa iling'olewa kwa nguvu au iligonga kitu. Anza na picha zinazoonyesha upande huo bila taa.

UdongoMwekundu: Yangu ina udongo mwekundu umeganda ndani ya mkunjo. Huo ni ushahidi wa Kenya.

Jibu: Ni ushahidi wa udongo. Hata pikapu ya kubebea kabichi inao. Udongo ulio CHINI ya silanti (gundi ya kuziba maungio) ya zamani ndio wa kuzungumziwa.

Karani356: Nyongeza: kwa Porsche 356, milango na vifuniko hugongwa tarakimu za mwisho za namba ya chesisi. Safisha kwa brashi laini, angaza tochi kwa ubavu. Zisipolingana, kipande kimehamia.

Jibu: Safi. Taa nazo zisisahaulike: vifaa vingi vya umeme vya Lucas (kampuni ya Uingereza) vimegongwa mwezi na mwaka. Taa ya 9 74 haikukimbia 1973.

Dalali_Mombasa: Watu kama nyie mnaua soko. Mteja akishasoma haya hanunui.

Jibu: Ananunua, kwa bei ya boneti.

MsasaMzee: Swali dogo nje ya mada. Nina boneti nyingine, ya faiba. Niihifadhi vipi mpaka nimalize kutafuta?

Jibu: Usiiegemeze ukutani kwa ncha mbili, itajipinda kwa uzito wake. Ilaze juu ya fremu ya mbao inayoishika pande zote, kivulini.

MsasaMzee: Imeshajipinda kona moja, kama milimita 8.

Jibu: Ifunge kwenye fremu hiyo kwa klempu zenye kitambaa, uivute kupita usawa kidogo tu, uiache kwenye joto la jua siku tatu nne. Fungua jioni, ikishapoa. Ukifungua mchana inarudi ilikokuwa.