Kurudia wimbo wa mtu: anza na mtunzi, studio baadaye

Kwa kwaya na bendi za hapa Kigoma, nimejifunza hili juzi, tafadhali lisambazeni. Kabla hamjalipia studio, tafuteni aliyetunga wimbo. Si lazima awe aliyeuimba. Kwenye kasha la kaseti au CD ya zamani, jina la mtunzi mara nyingi liko kwenye mabano pembeni ya jina la wimbo. Msipolipata, waulizeni COSOTA (Ofisi ya Hakimiliki Tanzania), maana ndio wanaosajili kazi za wasanii. Mkishampata, ruhusa iwe ya maandishi, ukurasa mmoja unatosha: jina la wimbo, "kurekodi na kuuza", mtauzia wapi (mtandaoni, kwenye flashi), mgawo wake, muda, sahihi na tarehe. Neno "kuuza" lisikosekane. Ruhusa ya kuimba kanisani haiwapi ruhusa ya kuuza.

Karatasi hiyo ya ruhusa inafanya kazi kwa sababu maneno na melodi ni mali ya mtunzi, na mkipiga vyombo vyenu wenyewe hamgusi rekodi ya mtu.

Karatasi hiyo haitoshi mkitumia biti au kipande cha rekodi ya zamani. Hapo mwenye rekodi naye aombwe. Mkitaka kubadili maneno, hata kutia Kiha ubeti mmoja tu, liandikwe waziwazi. Watunzi wakiwa wawili, wote wasaini. Na mtunzi akiwa marehemu msidhani wimbo umekuwa wa bure: kwa sheria ya Tanzania ya 1999, haki hudumu miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo waoneni warithi.