Gari Linapochemsha: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Mshale wa joto ukipanda, egesha mahali salama, zima injini, na usifungue mfuniko wa rejeta mpaka ipoe kabisa, kwani maji yaliyo chini ya mgandamizo huweza kuzidi nyuzi 100 na kukurukia usoni.

Ikishapoa, angalia kiwango cha maji. Yakiwa yamepungua, kagua mipira, rejeta na sehemu ya chini ya pampu ya maji, ambako ukoko mweupe au wa kijani huonyesha njia ya tone hata palipokwisha kukauka. Kama maji yapo, kumbuka gari lilichemkia wapi: likichemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia, shuku feni, fyuzi au rilei yake (swichi ya umeme inayoiwasha), likichemsha kwenye mlima kama Kitonga, shuku rejeta iliyoziba. Mpira mmoja wa rejeta ukiwa wa moto sana na mwingine baridi, mara nyingi thamostati, yaani vali inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto, imekwama. Wapo mafundi wanaoing'oa na kuitupa. Mimi nasisitiza ibadilishwe, kwa sababu bila hiyo injini hukawia kupata joto lake la kazi na hula mafuta zaidi.

Mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, au oili yenye rangi ya maziwa, huashiria kuharibika kwa gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kilicho kati ya bloku ya injini na kichwa chake. Hapo gari livutwe hadi gereji, lisiendeshwe.