Mwanakondoo anakohoa? Usikimbilie sindano kwanza

Wafugaji wengi mwanakondoo akikohoa tu wanachoma OTC (antibayotiki ya oxytetracycline), akifa wanasema dawa feki. Wakuu, nimonia nyingi za hawa wadogo zinaanzishwa na virusi, na antibayotiki haiui kirusi hata uchome dozi ngapi.

Kuna virusi vya parainfluenza aina ya 3 na RSV (kirusi kingine cha njia ya hewa), hivi peke yake mara nyingi ni mafua na kikohozi tu, ubaya wake vinaharibu utando wa njia ya hewa afu bakteria kama Mannheimia, ambao hukaa puani na kooni hata kwa kondoo mzima, wanashuka mapafuni, hapo ndo unaona anahema kwa tumbo na kunyonya hataki. Daktari akikuandikia antibayotiki ni kwa ajili ya hao bakteria, kwa hiyo muite mapema.

Baba lao ni kirusi cha sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa unaoitwa PPR kwa kifupi, Tanzania ilithibitishwa 2008. Kwa hiyo ukiona kamasi, mpime joto kwenye njia ya haja kubwa asubuhi kabla ya jua kali, kawaida ni nyuzi 38.5 hadi 39.5 hivi, ikizidi 40 na amelala kinyonge hiyo ni homa. Then mfungue mdomo, angalia fizi na ulimi. Vidonda, tongotongo na kuharisha vikiwa pamoja na kikohozi, ita afisa mifugo siku hiyohiyo, na tafadhali usimpeleke mnadani, utawaambukiza wa wenzako.

Mgonjwa mtenge na maji yawe karibu. Banda usilizibe kila upande kisa baridi! Inama usawa wa kondoo, harufu ya mkojo ikikuwasha macho ujue na mapafu yao yanaumia, acha nafasi ya hewa juu ya ukuta na ubadilishe matandiko.

Akizaliwa hakikisha anapata dang'a (maziwa ya kwanza ya mama) ndani ya saa 6, kama mililita 50 kwa kila kilo, yaani wa kilo 3 anywe 150. Kinga ya mama inapita humo. Chanjo ya PPR mpe akifika miezi 4 hivi, ukiwahi sana kinga ya mama inaizima, ikishika inamlinda kama miaka 3. Ila ni chanjo hai, joto linaiua, kwa hiyo mchanjaji akija na chupa mfukoni bila barafu mrudishe.