Kupanga mapigo na presha kwenye simuleta ya mgonjwa

Kabla hujagusa namba yoyote, jua simuleta yako (mwanasesere wa kufundishia tiba) ni ya aina gani. Zipo zinazomtii mwendeshaji tu: ukiandika mapigo 130 zinapiga 130, na presha inabaki palepale ulipoiacha. Zipo pia zenye modeli ya mwili ndani yake: ukipunguza damu, moyo wenyewe unakimbia na mishipa inabana. Mazoezi mengi huharibika kwa sababu aina hii ya pili inaendeshwa kana kwamba ni ya kwanza. Ukiyafunga mapigo yasibadilike, umeunyima mwili nafasi ya kujitetea. Dripu ikiingia baadaye moyo hautapunguza mbio, na mwanafunzi aliyetibu vizuri ataonekana amekosea. Kwenye modeli badilisha chanzo: ujazo wa damu, nguvu ya moyo kusinyaa, ukinzani wa mishipa. Namba zitafuata.

Kwenye aina ya kwanza mwili ni wewe, kwa hiyo namba zipange kwa pamoja. Chukua mtu mzima anayevuja damu. Anza na mapigo 84, presha 124/78, pumzi 16. Kwa dakika 5 mpeleke hadi mapigo 112, presha 114/88, pumzi 24. Tazama pengo kati ya presha ya juu na ya chini: lilikuwa 46, sasa ni 26. Presha ya juu bado inaridhisha, lakini mwanafunzi makini anapaswa kushtuka hapo hapo, maana mishipa imebana na kila pigo linasukuma damu kidogo. Kisha kwa dakika 4 shusha hadi 84/58, mapigo 132. Weka muda wa mabadiliko, usiruke kutoka namba hadi namba. Kinachofaa kuja ghafla ni mvurugiko wa mdundo, kama fibrilesheni ya ventrikali (vyumba vya chini vya moyo kutetemeka ovyo bila kusukuma damu).

Mdundo (umeme wa moyo unaoonekana kwenye monita) na mapigo (yanayoguswa kwa vidole) ni mipangilio miwili. Takikadia ya ventrikali (mbio za moyo zinazoanzia vyumba vya chini) inaweza kuwa na mapigo au isiwe nayo, na usipochagua, programu itakuchagulia. Ukitaka umeme uonekane kwenye monita bila mapigo, chagua mdundo wa kawaida kisha uzime mapigo yote, na usisahau kuzima wimbi la oksijeni (la kipimo cha kidoleni) pia. Wimbi hilo likiendelea kucheza, siri imevuja.

Baada ya kila badiliko, tumia vidole. Simuleta nyingi hufuta mapigo ya kifundo cha mkono kwanza, halafu ya kinena, mwisho ya shingo, kila moja kwa kiwango chake cha presha. Viwango hivyo ni vya mashine. Usivifundishe kama sheria ya mwili. Ukibonyeza kwa nguvu mno mapigo yatapotea, kama kwa mgonjwa.

Mkanda wa presha nao unahitaji kusawazishwa. Umepanga 120, stetoskopu inaanza kusikika geji ikiwa 130? Toa hewa yote, rudisha sifuri, kagua mrija uliojikunja au unaovuja, kisha sawazisha upya kwa geji ileile watakayotumia wanafunzi.

Kama defibrileta (mashine ya kushtua moyo kwa umeme) ni halisi, umeme upite kwenye vituo vilivyotengwa kifuani tu. Ngozi iwe kavu, bila jeli, na kusiwe na oksijeni halisi inayotiririka karibu.